Hapana Mwalimu, si nyama ya farasi

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu wa Tanga: "Mwanangu anafanya kazi Chicago na mwezi wa sita nakwenda kumtembelea. Ameniahidi kunipeleka mahali panaitwa Au Cheval, eti ni 'daina' lakini ya kisasa, ya watu wenye pesa zao. Binti yangu aliyesoma Kifaransa ananiambia jina hilo ni farasi. Tena nasikia watu hukaa foleni saa mbili kwa ajili ya baga. Mimi nguruwe sili, na farasi ndiyo kabisa. Hiyo daina ni kitu gani hasa? Mkate na nyama vinakuwaje chakula cha kifahari? Na niagize nini nisimwaibishe mtoto mbele ya watu?"

Shikamoo Mwalimu.

Nianze na farasi, maana nahisi ndiye aliyekunyima usingizi. Binti yako hakukosea, cheval ni farasi. Ila jikoni kwa Wafaransa chakula kikiitwa à cheval, maana yake kimepandwa: yai la kukaanga limekalishwa juu ya nyama kama mtu aliyekaa juu ya tandiko. Nyama ndiyo inayobeba, yai ndilo linalobebwa. Jina la pale ni utani wa wapishi, na nyama yenyewe ni ya ng'ombe. Kama moyo bado unasita, machinjio ya mwisho ya farasi Marekani nzima yalikuwa huko huko jimbo la Illinois, mji wa DeKalb, na yalifungwa mwaka 2007. Lala salama.

Nguruwe ni habari nyingine. Yeye yupo, tena yupo kila kona, na nitamfikia.

Mimi nimesimama mbele ya bamba la moto la daina miaka minne, zamu ya usiku, New Jersey, kwa mzee mmoja wa Kigiriki aliyekuwa akihesabu mayai kuliko pesa. Baadaye nikahamia kwenye majiko ya aina hii unayokwenda, yanayouza chakula kile kile kwa bei mara tatu. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyeshika mwiko pande zote mbili.

Daina ukiitafutia tafsiri ya kwetu, usiende kwenye hoteli wala mgahawa. Ni mama ntilie aliyepata kuta na umeme. Mwaka 1872, mjini Providence, jimbo la Rhode Island, mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji aitwaye Walter Scott aliona wenzake wa zamu ya usiku hawana pa kula, kwa sababu mikahawa ilikuwa ikifunga jioni. Akafunga farasi (huyu wa kweli) kwenye kigari chenye paa, akakiegesha nje ya ofisi za gazeti la Providence Journal, akauza sandwichi, mayai ya kuchemsha, pai na kahawa. Wateja walisimama nje, mvua yao, baridi yao. Miaka kumi na tano baadaye, Worcester, Massachusetts, Samuel Jones akaunda kigari ambacho mteja aliweza kuingia ndani. Kisha vikaja viwanda: Worcester Lunch Car Company mwaka 1906, na Jerry O'Mahony wa New Jersey mwaka 1913. Viwanda hivi viliunda mgahawa mzima, kaunta, stuli, jiko na vigae vyake, halafu ukasafirishwa kwa reli au barabara hadi kiwanjani. Mwenye pesa ya kuanzia aliletewa biashara iliyokamilika, yeye akatafuta mayai tu.

Hapo ndipo umbo lilipotoka. Kitu kitakachopita barabarani hakiwezi kuwa kipana. Ndani ya ule wembamba ikabidi mpishi awe upande huu, mlaji upande ule, na katikati yao ubao mrefu wa kulia. Watu wengi, hata Wamarekani wenyewe, wanadhani daina zote ni mabehewa mabovu ya treni yaliyogeuzwa. Yapo machache ya namna hiyo, lakini nyingi ziliundwa hivyo makusudi toka kiwandani, na neno lenyewe ni ufupisho wa jina la behewa la chakula. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaanza kung'aa kwa chuma kisichoshika kutu, Wagiriki wengi wahamiaji wakazichukua, menyu ikawa ndefu kama daftari la mahudhurio, kahawa ikawa inaongezwa bila kuombwa. New Jersey ndiko ziliko nyingi, nao wanajivunia hilo kama sisi tunavyojivunia mwani na nazi.

Kaunta ile haikuwa ya kila mtu. Sipendi kukuharibia hamu, ila wewe ni mwalimu na najua utataka kujua. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, mabalozi wa nchi changa za Afrika walikuwa wakisafiri kwa gari kati ya New York, uliko Umoja wa Mataifa, na Washington. Njia yao ilikuwa barabara namba 40 inayokatiza Maryland. Mwezi Juni balozi wa Chad, Adam Malick Sow, akiwa njiani kwenda kuwasilisha hati zake kwa Rais Kennedy, alisimama kwenye daina ya kando ya barabara hiyo kutaka kahawa. Akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Hakuwa peke yake, na fedheha ikawa kubwa kiasi kwamba wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilibidi iweke watu wa kwenda kuwabembeleza wenye mikahawa ya barabara ile. Wamarekani weusi walikuwa wamekwisha anza kazi hiyo kwa njia yao: tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, Greensboro, North Carolina, wakanyimwa huduma na wakakataa kunyanyuka. Maryland ilipitisha sheria yake mwaka 1963, na mwaka uliofuata Sheria ya Haki za Kiraia ikamaliza ubishi nchi nzima. Kwa hiyo huko chini nitakapokuambia ukae kaunta, nina sababu mbili, na moja ni hii.

Sasa, ufahari. Wazo la kuivalisha daina suti si la juzi. Mwaka 1976, New York, daina ya chuma iliyoundwa mwaka 1946 ilifunguliwa upya mtaa wa Chelsea kwa jina la Empire Diner, ikawekewa mishumaa na piano. Mwaka 1985 San Francisco ikapata Fog City Diner ya mpishi Cindy Pawlcyn. Ninayoihusudu zaidi ni Palace Diner ya Biddeford, Maine. Ni kibehewa cha mwaka 1927 chenye viti kumi na tano tu. Wapishi wawili waliokwisha pita majiko makubwa walikichukua mwaka 2014, na badala ya kukipamba wakaamua kupika vizuri tu: mayai, chapati za maziwa, na sandwichi ya samaki jodari na jibini ambayo watu huendesha gari kuifuata toka majimbo mengine.

Au Cheval aliifungua Brendan Sodikoff mwaka 2012, Randolph Street, eneo la West Loop, karibu kabisa na yalikokuwa maghala ya wauza nyama na vyakula vya jumla. Usitegemee chuma kinachong'aa na taa nyeupe. Ndani ni giza giza, viti vya ngozi vyenye migongo mirefu, muziki mkubwa kidogo kwa masikio ya mama yeyote, na bia nyingi. Kilichobaki cha daina ni vitu viwili: kaunta ndefu inayotazama jiko, na bamba la moto.

Hili bamba nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu jibu la swali lako la pili liko juu yake.

Wewe umepika chapati maisha yako yote. Unajua ile ya kwanza huharibika kwa sababu chuma hakijashika moto sawasawa, na unajua kuna upande wa chuma unaounguza na upande unaotulia. Bamba la daina ni chuma hicho hicho, ila kimepanuliwa hadi kikawa kikubwa kama mlango. Mpishi anayelijua bamba lake ana ramani kichwani: hapa ni pa nyama, moto wake mkali, pale ni pa mayai, moto wa pole, kule ukingoni ni pa skonzi zilizopakwa siagi. Mzee wangu wa New Jersey alinikataza kugusa mayai miezi mitatu ya mwanzo. Nilikuwa nakwangua tu. Nilidhani ananidharau, kumbe ananifundisha ramani.

Nyama ikigusa chuma chenye moto mkali, maji ya juu yanakauka, na joto la uso wake likivuka kama nyuzi 140 za Selsiasi hivi, protini na sukari ndogo zilizomo zinaanza kushikana na kuzaa ile rangi ya kahawia na harufu ya nyama choma. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliandika habari za mshikamano huo mwaka 1912, lakini wauza mishikaki wa Forodhani hawakumsubiri. Sasa fikiria hesabu: kipande kimoja kinene cha nyama kina nyuso mbili tu za kuungua vizuri. Ukikigawa kikawa viwili vyembamba, unapata nyuso nne kwa nyama ile ile. Ndiyo maana pale baga inayoitwa ya "moja" inakuja na vipande viwili vya nyama, na ukiagiza ya "mbili" unaletewa vitatu. Usiseme sikukuonya. Ya moja inakutosha wewe na bado utambakizia mtoto.

Nyama ya kusaga iwe na mafuta kama sehemu moja kwa tano. Ikiwa kavu zaidi ya hapo inakuwa mbao. Chumvi isichanganywe ndani, inyunyizwe juu dakika ya kuweka motoni; ukiikanda ndani mapema, nyama inashikana na kuvutika kama soseji. Haya ni mambo madogo, na kila moja peke yake halihitaji pesa. Linahitaji mtu anayelifanya kila mara, saa nne usiku, akiwa na oda ishirini mbele yake. Hicho ndicho unachokilipia.

Jibini nalo lina kisa. Utaona ni ya njano, laini, ile ya Kimarekani ya vipande ambayo watu wa mji hudharau kwamba si jibini halisi. Wapishi wazuri wanaitumia makusudi. Jibini kongwe ukiiyeyusha mafuta yanajitenga, unabaki na mabonge na dimbwi la mafuta. Hii ya Kimarekani ina chumvi maalumu zinazoshikanisha mafuta na maji, mbinu iliyoanzia Uswisi mwaka 1911, kwa hiyo inayeyuka kama mchuzi na kuifunika nyama yote. Juu yake wanaweka matango ya siki na mchanganyiko wa haradali na mayonezi. Ile siki ni muhimu kama ndimu kwenye mishikaki. Bila siki, mafuta yote yale yatakukinaisha kabla hujafika nusu.

Halafu yai. Hapa mimi ndipo ninapohukumu mkahawa wowote wa aina hii, na sijali sahani imepambwa vipi. Ute wa yai huanza kushika kwenye nyuzi 62 hivi, kiini hukaza kuanzia 65 kwenda 70. Mwanya ni finyu mno. Mpishi anataka ute ushike wote, usibaki ule utelezi wa juu karibu na kiini, na kiini kibaki kinachuruzika kiwe mchuzi wa nyama. Akizidisha sekunde thelathini amelikosa. Bamba likiwa kali mno pindo linakuwa kahawia na gumu kama karatasi, huku juu bado ni bichi. Wengine wanalipenda pindo hilo, na nikiwa nyumbani mimi mmoja wao, lakini juu ya baga linakata ulimi na halikai. Kwenye baga nataka pindo jeupe.

Najua unachowaza: yai bichi katikati? Kwetu yai linakaangwa hadi lijue limekaangwa. Huna haja ya kujilazimisha. Mwambie mhudumu "over hard", ataelewa mara moja, maana wateja wa daina wanaagiza yai kwa namna saba na hakuna anayecheka. Baga nayo ukiitaka isiwe na wekundu ndani sema "well done". Vipande vile ni vyembamba, havitaharibika kama ambavyo vingeharibika vinene. Kuagiza nyama iliyoiva hakumwaibishi mtu. Anayeaibika ni mpishi asiyeweza kuivisha bila kuikausha.

Sasa kitu nilichokuwa nakisubiri kukuambia. Kwenye menyu ile utaona chipsi zinazokuja na sosi nyeupe ya jibini, mayonezi ya kitunguu saumu, na yai la kukaanga juu. Watu wanazipiga picha. Wanasimuliana. Mwalimu, hiyo ni chipsi mayai. Binamu yake zege, aliyekwenda Ufaransa akarudi na lafudhi. Sosi ile inaitwa Mornay: unga umekaangwa kwenye siagi, ukatiwa maziwa, ukatiwa jibini. Siku ya kwanza nilipoikaanga kwenye jiko la kifahari nilicheka peke yangu hadi mpishi mkuu akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza. Ila nitakuwa mkweli: zege la barabara ya kumi na mbili hapo Tanga linashikana, yai ndilo gundi, unakula kwa kijiti. Hili la Chicago halishikani. Unapasua kiini, kinashuka, chipsi za chini zinalowa na za juu zinabaki zinalia mdomoni. Ni chakula tofauti, na ni kizuri. Agiza sahani moja mle wawili.

Kadhalika usiogope majina mengine. Maini ya kuku yaliyopondwa na kupakwa juu ya mkate uliobanikwa ni maini tu. Uboho wa mfupa uliookwa ni ule ule tunaougonga toka kwenye mfupa wa supu, isipokuwa hapo wamekuwekea kijiko ili usigonge. Mtu aliyelelewa na supu ya kongoro hawezi kuwa mshamba kwenye menyu ya aina hii. Wenzako wa meza ya jirani ndio watakaokuwa wanaogopa.

Tumefika kwa nguruwe.

Bekoni ndiyo iliyo wazi, nayo wanaiuza kama nyongeza ya baga, vipande vinene vya nguruwe vyenye pilipili manga. Ukisema "hapana bekoni" umemaliza hilo. Lakini nguruwe wa daina ni mjanja. Anakaa ndani ya soseji ya vipande wanayoikaanga na kuiweka kwenye mkate, ile inayoitwa bolona. Anakaa kwenye mafuta: jiko lingine hukaangia chipsi mafuta ya mimea, lingine mafuta ya wanyama, na haionekani kwa macho. Anaweza kukaa hata kwenye unga wa pai, kwa sababu mafuta ya nguruwe hufanya ganda liwe jepesi. Na hata usipomwagiza, bamba ni moja. Mwiko uliogeuza bekoni ndio unaogeuza yai lako, labda uombe. Tulipokuwa tukipata ombi hilo zamu ya usiku, tulikwangua kona ya bamba, tukaifuta, tukachukua mwiko mwingine na kikaango cha peke yake. Dakika tatu. Hakuna mpishi wa maana atakayenuna, ila aambiwe wakati wa kuagiza, si sahani ikishafika. Mwanao amwambie mhudumu kwa maneno machache na ya wazi: mama hali nguruwe kabisa, pamoja na mafuta yake, naomba muulize jikoni kuhusu chipsi na kikaango.

Kama unachotafuta ni nyama iliyochinjwa kwa kisomo, hapo nisikudanganye. Mikahawa ya namna hii kwa kawaida hainunui nyama hiyo, na neno "ng'ombe" peke yake halikupi halali. Basi siku hiyo kula mayai na chipsi ukishathibitisha mafuta, na baga uifuate siku nyingine. Chicago ina Devon Avenue, kaskazini mwa jiji, mtaa mrefu wa Wahindi na Wapakistani ambako neno halali limeandikwa mlango hadi mlango, na biriani yao haitakuacha ukilalamika. Jambo hili mlizungumze nyumbani kabla ya kwenda. Watoto wetu walioko nje huona haya kuuliza, kisha mama anakaa mbele ya sahani asiyoigusa, na mtoto hajui kosa liko wapi.

Foleni: kwa miaka mingi mahali pale palijulikana kwa kutowekea watu nafasi, unaandikisha jina na namba ya simu unaenda kuzunguka. Utaratibu hubadilika, mwanao aangalie kabla hamjatoka. Mimi ningekwenda siku ya kazi, saa tisa alasiri, wakati wa watu wasio na ratiba, na mstaafu hana ratiba. Mavazi usihangaike nayo. Utakuta mtu wa suti kando ya mtu wa kandambili. Beba mtandio hata kama ni Juni, baridi ya mashine za ndani kule haina huruma.

Ama pesa. Bei ya kwenye menyu si bei utakayolipa, na hapo wageni wengi hushtuka. Kodi huja juu, kwa chakula cha mkahawani Chicago ni zaidi ya asilimia 10, halafu bakshishi, ambayo Marekani si hiari kama kwetu. Asilimia 18 hadi 20 ya bei kabla ya kodi ndiyo kawaida sasa kwenye mkahawa wa mezani. Usiione kama ulafi wa mhudumu. Sheria ya serikali kuu inaruhusu anayepata bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijasogea toka mwaka 1991. Majimbo mengi yameweka zaidi ya hapo, na baraza la jiji la Chicago lilipitisha mwaka 2023 mpango wa kuiondoa tofauti hiyo kidogo kidogo, lakini mila ya mezani haijabadilika. Muulize mwanao kwanza kama bili haijajumlishwa gharama ya huduma tayari, maana siku hizi kuna wanaoiingiza humo humo na kukuachia nafasi ya kulipa mara ya pili.

Je, inastahili? Kanuni ya zamani ya biashara hii ni kwamba vitu vilivyomo kwenye sahani vigharimu kama theluthi ya bei au chini yake. Kinachobaki ni mikono ya watu, pango, umeme, sahani zilizovunjika, na faida ikiwepo. Kwenye daina ya kawaida theluthi hiyo ni mayai ya bei ya chini, na mikono ni miwili. Kwenye hii ni nyama iliyosagwa siku ile, skonzi iliyookwa kwa ajili ya baga ile, na mikono ni kumi. Kwa baga, yai na chipsi nasema ndiyo, inastahili, mara moja. Kwa vingine nina mashaka. Nimewahi kufanya kazi mahali (sitapataja) ambapo tulichukua mkate wa nyama wa kawaida wa daina, tukaunyunyizia mafuta yanayonukia uyoga wa trufo, bei ikapanda maradufu. Mafuta yale mengi hayajawahi kukaa jirani na trufo. Harufu yake hutengenezwa maabara. Bwana mkubwa akafurahi, wateja wakafurahi, mimi nikawa naona haya kila nilipofungua kile kichupa. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kwenye daina ya kifahari agiza kile ambacho hata daina ya masikini inacho. Yai, baga, viazi, supu, kahawa. Hapo ndipo wamelazimika kuwa bora kuliko yule Mgiriki wangu, na hapo ndipo utaona kama kweli wamemshinda. Ukiona maini ya bata bukini pamoja na mayai ya kuvuruga, acha wengine walipie.

Kiasi cha chakula ni kikubwa, na kubeba kilichobaki si ushamba, waombe kasha watakupa bila kukukazia macho. Ila yai usilibebe. Likipashwa moto linakuwa mpira.

Mhudumu wa mlangoni atawauliza mezani au kaunta. Mtoto atataka meza, ili mama akae vizuri kwenye kochi. Mkatalie. Stuli zina pa kuegemeza miguu, na magoti yakilalamika utashuka. Kaa mahali unapoliona bamba, usikodolee baga, tazama mkono wa yule anayeshika mayai: anavunja kwa mkono mmoja, anaacha, anasubiri, hagusi. Sahani yako ikifika, kabla hujakata, angalia pindo la ule ute. Kisha niandikie kama lilikuwa jeupe au kahawia.